Tairi nyembamba, goti linalouma, na njia nyepesi za kuanzia Mombasa

"Fundi salaam. Nina miaka 46, ni mwalimu, naishi Mtopanga. Juzi kliniki wameniambia sukari yangu iko mpakani, wakanipa metformin na kuniambia nifanye mazoezi. Kakangu aliniachia baiskeli yake, zile za lami zenye usukani uliopinda na tairi nyembamba. Nimeiendesha mara nne tu na tayari goti la kulia laniuma kwa mbele, na vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi. Malindi Road naiogopa sana, nimekuwa nikipita upande wa kulia ili nione magari yanavyokuja. Watu wananiambia Mombasa ni tambarare, kilomita 30 si kitu. Mimi nataka njia nyepesi yenye miti, mahali pa kupumua, si mashindano. Halafu navaa buibui. Niende wapi?"

Mwalimu, asante kwa kuandika kirefu, manake ukilisoma juu juu ni swali la njia lakini ndani yake mna mambo manne na njia ndo la mwisho. Nianze na lile linaloweza kukuua, halafu goti, halafu twende kwenye miti.

Usipite tena upande wa kulia, kuanzia leo. Najua ulikolitoa hilo, tumefundishwa tangu utotoni kwamba barabarani tembea ukiangaliana na magari, na kwa mwenda kwa miguu ni kweli kabisa kwa sababu gari likikujia unaruka pembeni hatua moja yamekwisha. Kwenye baiskeli huwezi kuruka. Hebu piga hesabu, wewe uko 20 kwa saa na matatu iko 50, mkielekea upande mmoja inakukaribia kwa mwendo wa 30 tu na dereva ana muda wa kukuona na kukuzunguka, mkikabiliana ni 70, muda wake umepungua hata nusu haufiki. Na hilo si baya zaidi. Baya zaidi ni gari linalotoka barabara ndogo likitaka kukata kushoto kuingia barabara kubwa, dereva macho yake yote yako kulia kwa sababu huko ndiko magari yatokako, sasa wewe unamtokea kushoto asikotazama, anaachilia breki akiwa bado amegeuza shingo, na wewe uko mbele ya bampa. Watu wanaogongwa hivi hushangaa, wanasema nilimuona! Ndio ulimuona, yeye ndo hakukuona.

Kwa hivyo kushoto, pamoja na magari, na usijibanze ukingoni kabisa ambako kuna mchanga na mitaro na lami iliyomeguka. Acha kama hatua moja kubwa kutoka ukingoni. Ukipita magari yaliyoegeshwa acha nafasi ya mlango kufunguka, na tuktuk zaidi, kwa sababu abiria wa tuktuk hushuka ghafla upande wowote.

Sasa goti. Bila kukuona siwezi kuapa, lakini mtu mzima anayeanza, goti linauma mbele, mara nyingi kiti kiko chini. Wanaoanza hushusha kiti ili miguu yote ifike chini wakiwa wamekaa, inawapa amani, na ndo inayowaumiza. Goti likiwa limekunjwa sana halafu ukasukuma pedeli kwa nguvu, kile kifupa cha mbele, kilegesambwa, kinakandamizwa kwenye fupa la paja, na unafanya hivyo maelfu ya mara kwa saa moja. La kulia peke yake? Huenda ndo mguu wako wenye nguvu, ndo unaoanzia safari na ndo unaobeba kazi.

Fanya hivi nyumbani, egemea ukuta umekaa kwenye kiti, weka kisigino juu ya pedeli, zungusha mpaka pedeli ifike chini kabisa. Mguu unatakiwa uwe umenyooka bila nyonga kuinama upande. Ukisogeza sasa mguu uendeshe kwa ile sehemu pana ya mbele ya unyayo, goti litabaki na mkunjo mdogo, na hapo ndo pake. Utaniuliza nikisimama nitafikaje chini? Hufiki ukiwa umekaa, unatelezesha makalio mbele ya kiti, unasimama mguu mmoja chini, basi. Lifanyie mazoezi uwanjani mara kumi kabla hujaingia barabarani, na pandisha kiti kidogo kidogo, nusu sentimita, siku mbili, tena nusu, usiruke kwa mara moja ukaanza kuumwa nyuma ya goti.

Na gia. Baiskeli ya kakako ina gia nyingi na nadhani unatumia ngumu, kwa sababu ukiwa mgeni gia nyepesi inaonekana kama unapedeli hewa. Nenda nyepesi. Hesabu mguu wa kulia unashuka mara ngapi kwa sekunde 30, ukifika 35 mpaka 40 uko sawa, ukiwa 25 unabeba mizigo kwa magoti.

Vile vidole viwili ni kisa kingine. Kidole kidogo na mwenzake wanahudumiwa na mshipa wa fahamu mmoja unaopita chini ya kiganja, upande wa nje, hapo hapo unapoegemea usukani. Kakako ni mrefu kuliko wewe, sivyo? Usukani uko mbali, mwili wote unaangukia mikono, mshipa unabanwa. Angalia kiti kisiwe kimeinamia mbele kwa sababu kikiinama unateleza na mikono ndo breki, badilisha mkono mahali unaposhika kila dakika chache, na kile kipande kinachoshikilia usukani kuna vifupi, fundi atakubadilishia na atakuinulia usukani pia. Lakini nisikilize hapa, ganzi ya baiskeli huondoka ndani ya saa chache. Kama vidole vinakufa ganzi usiku umelala, au ganzi inaingia na kidole gumba na vya kati, au kuna ganzi miguuni, hiyo si ya baiskeli tena na kwa mtu ambaye sukari iko mpakani nataka daktari aijue, usiniletee mimi.

Buibui. Cheni iko upande wa kulia, na kitambaa kirefu kikishikwa na cheni au njiti za gurudumu la nyuma unaanguka papo hapo, nimeshatoa kwa mkasi zaidi ya mara moja. Wanawake ninaowafundisha huvaa suruali pana yenye kubana kifundoni, juu kanzu au buibui fupi la magotini lililopasuliwa pembeni, na ushungi wa kitambaa chepesi usio na fundo nyuma ili helmeti ikae vizuri, iwe vidole viwili juu ya nyusi, isisukumwe kisogoni. Pini zitoe, ukianguka helmeti inazikandamiza kichwani. Sitiri yako haipungui kitu, na alfajiri watu ni wachache vilevile.

Haya, hili la tambarare. Waliokwambia kilomita 30 si kitu hawakukudanganya kuhusu milima, kweli hakuna, wamesahau vitu viwili, upepo na joto. Tena tambarare yenyewe ina adhabu yake, mlimani unapanda unashuka, kwenye kushuka unapumzisha miguu na unainuka kitini, kwenye tambarare unapedeli bila kukoma na umekaa palepale, ndo watu wanarudi wakilalamika makalio kabla ya miguu.

Upepo ndo mlima wetu sisi. Nguvu ya upepo unaokupinga haiongezeki sawasawa na mwendo, kasi ya hewa inayokupiga ikiwa mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Kwa hivyo kaupepo unakokaona kadogo ukiwa barazani kanaweza kukumalizia nguvu zote. Wavuvi wanajua hili kuliko waendesha baiskeli, kusi ikivuma, kama Aprili hadi Oktoba hivi, inatoka kusini, basi wewe anza kwa kuelekea Nyali ukiwa bado na nguvu, kurudi Bamburi inakusukuma mgongoni. Kaskazi ikiingia, Desemba hadi Machi, geuza, anza kuelekea Shanzu halafu rudi. Tangambili, ule msimu wa katikati upepo ukibadilika, haijalishi. Mtu anayeanza na upepo mgongoni hujiona bingwa, anaenda mbali, halafu anagundua kurudi ni vita, na kurudi ndo jua limeshapanda.

Na joto la pwani si kama la Voi. Jasho linapoza mwili pale linapokauka tu, likidondoka halifanyi kazi, na hewa yetu imejaa unyevu kiasi kwamba jasho linatiririka bila kukauka, moyo unafanya kazi ya kusukuma damu misulini na kwenye ngozi kwa wakati mmoja. Ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kukishapambazuka, saa mbili na nusu uwe nyumbani. Kuanzia saa nne upepo wa bahari nao unaamka. Chupa mbili za maji, kunywa funda mbili tatu kila robo saa hata kama huna kiu.

Sasa twende kwenye miti.

Pa kwanza pako karibu na wewe kuliko unavyodhani, njia za msituni za Bamburi, Forest Trails, zile zilizo kwenye machimbo ya zamani ya kiwanda cha simenti. Mwalimu hii utawasimulia wanafunzi wako. Kiwanda kilianza 1954, kikachimba mawe ya matumbawe mpaka ardhi ikabaki uchi, nyeupe, ya chumvi, hakuna kinachoota. 1971 Dkt. René Haller akaanza kujaribu miti, aina 26, ikabaki mitatu tu, na mvinje ndo ulioshinda, kwa sababu mizizi yake inaishi na vijidudu vinavyotengeneza mbolea kutoka hewani na chumvi hauiogopi. Tatizo, yale majani yake kama sindano yalikuwa yanarundikana bila kuoza, wakaleta majongoo, jongoo wakala sindano, mavi yao yakawa udongo, na miti mingine ikapata pa kushika. Kivuli utakachopita chini yake kimetengenezwa na jongoo, mimi kila nikipita pale bado nastaajabu.

Kwa mwendesha baiskeli hiyo historia ina maana. Shimo la machimbo liko chini kuliko ardhi iliyolizunguka na miti imefunga juu, kwa hivyo upepo hauingii na jua halikupigi, na magari hakuna. Lakini chini ni kokoto za matumbawe na matumbawe yanakata, na juu yake kuna zulia la sindano za mvinje ambalo kwenye kona, hasa likilowa, linateleza kama sabuni. Tairi zako nyembamba hapo hazitakiwi. Pita getini kwanza kwa miguu, uliza saa za kufungua, kiingilio, na kama siku hiyo baiskeli zinaruhusiwa, mambo haya hubadilika, na kama wana baiskeli za kukodisha chukua ya tairi nene, ya kakako iache nyumbani. Kwa wiki tatu nne za kwanza ningekuwa wewe ningeendesha hapo tu. Utajifunza kubadilisha gia, kuangalia nyuma bila usukani kuyumba, kunywa maji ukiendesha, yote bila lori kukupigia honi.

Pili ni Nyali ndani, maeneo ya Links Road na zile barabara za mitaani zinazoelekea baharini. Hapa lami ni nzuri, miti mikubwa ipo, uwanja wa gofu unakupa upeo wa kijani, na Jumamosi na Jumapili alfajiri kuna utulivu. Zunguka palepale mizunguko midogo, mzunguko wa kilomita nne tano ukirudia mara mbili ni bora kuliko kilomita kumi za kwenda mbali, kwa sababu popote ulipo hauko mbali na mwanzo, goti likisema basi unaacha. Matuta yapo, pita polepole ukiwa umeinuka kidogo kitini. Na tumbiri wapo, ndizi usiweke mahali inapoonekana.

Shida ni kufika huko. Kipande cha Malindi Road kati yako na Nyali ndo unachoogopa na mimi sitakwambia usiogope, ni chembamba kwa wingi wa magari yale na matatu zinaingia na kutoka stejini bila taarifa. Sasa kuna ujanja, gurudumu la mbele la baiskeli kama hiyo kwa kawaida lina kiwiko cha kufungua kwa mkono, unalitoa, baiskeli inaingia kwenye tuktuk na wewe ukiwa ndani. Si aibu. Nimeona watu wameacha baiskeli kabisa kwa sababu ya kilomita tatu mbaya zilizoko mbele ya kumi nzuri.

Tatu, Mama Ngina, kisiwani. Ile bustani ya ufukweni ilitengenezwa upya na kufunguliwa Oktoba 2019, sherehe za Mashujaa za mwaka huo zilifanyika palepale. Mibuyu, meli zinapita karibu kiasi unaona watu juu, hewa wazi. Kama mahali pa kufika napapenda kuliko pote, kama njia ya mwanzo hapana, kwa sababu katikati kuna daraja la Nyali. Daraja linapanda kidogo, upepo unakupiga ubavu, magari yanakimbia, pa kukimbilia hakuna. Shuka usukume kwenye njia ya waenda kwa miguu, ama peleka baiskeli kwa gari mpaka kisiwani uendeshe kule barabarani tu. Pale kwenye matembezi penye watoto na familia pia shuka. Ukimaliza dafu moja sawa, lina sukari lakini chache kuliko soda, mihogo na kachri onja za mwenzako.

Nguuni, kule ndani ya Kiembeni kwenye mikoma na pofu na mbuni, ni pazuri ajabu jioni, ila barabara ni ya murram, mavumbi kiangazi na tope masika. Kwa tairi zako hapana, nenda kwa gari na wanafunzi.

Ukishafika kilomita 20 bila maumivu, basi zawadi yako iwe Diani. Vuka feri, peleka baiskeli na gari mpaka Diani, anza alfajiri, ile barabara ya sambamba na bahari ni tambarare, lami, miti imeinamia juu, na ukiinua macho utaona ngazi za kamba zimevuka barabara, zimewekwa ili mbega wapite bila kugongwa. Endesha hapo ukijua wanyama wengine bado wanavuka chini. Ukifika kusini Kaya Kinondo, mmoja wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingia urithi wa dunia 2008, funga baiskeli nje, ingia kwa miguu na mwongozaji wao, utafungwa kaniki, na utulie.

Kuna watakaokwambia endesha ufukweni maji yakitoka, mchanga mgumu, magari hakuna. Kweli ni raha. Lakini chumvi inaingia kwenye bearing na cheni na mwezi haupiti umeanza kusikia mlio. Kwa baiskeli hii sikushauri. Hata bila ufukwe, hewa yetu tu inaleta kutu, kila wiki pangusa cheni kwa kitambaa kikavu, tone moja la oili kila pingili, pangusa tena, na usiilaze baiskeli nje.

Kuhusu sukari. Daktari wako amekwambia sawa, misuli ikifanya kazi inavuta sukari kutoka damuni hata bila kuhitaji insulini nyingi, na athari hiyo inaendelea saa nyingi baada ya kushuka kwenye baiskeli, ndo maana dakika 30 siku tano kwa wiki zinakufaa kuliko kuendesha Jumapili moja tu kwa muda wa saa tatu. Metformin peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Lakini kama baadaye watakuongezea glibenclamide, gliclazide au insulini, waambie unaendesha baiskeli, kwa sababu hizo zikikutana na mazoezi unaweza kushuka ghafla, kutetemeka, jasho la baridi, njaa, akili kuchanganyika, na kuchanganyika ukiwa barabarani si jambo dogo. Weka peremende mfukoni tu hata sasa.

Kabla ya kuzidisha mwendo nataka upimwe presha na umuulize daktari kuhusu moyo, kwa umri wako na sukari hiyo ni haki yako kuuliza. Ukisikia kifua kubana, pumzi kukata kuliko kazi unayofanya, kizunguzungu, maumivu yanayopanda taya au mkono, simama, kaa kivulini, na hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri yaishe. Goti nalo nipe wiki tatu za kiti kilichopandishwa na gia nyepesi, kama bado linauma, au limevimba, au linakwama ukikunja, nenda kwa mtaalamu wa viungo akulishike kwa mkono. Na kama una fundi mzuri wa baiskeli karibu, saa moja mbele yake ukiwa umekaa kwenye kiti itakusaidia kuliko maneno yangu haya yote.

Jambo moja kabla ya Jumamosi, angalia ubavuni mwa tairi, kuna namba imeandikwa, 700 halafu kizidisho halafu namba ndogo. Kama ni 23, muulize fundi kama fremu na breki zinapokea 28, baiskeli nyingi za zamani zinaishia 25 na hata hiyo ni afadhali. Wengi wanaogopa tairi pana ni nzito, lakini pana unaijaza upepo mchache, inameza mashimo badala ya kukurusha, na mikono yako itaisikia tofauti siku ya kwanza. Mwambie asijaze mpaka iwe jiwe, 28 kwa mtu wa kilo 70 hivi, psi 75 zatosha, psi ndo kile kipimo cha upepo kwenye pampu. Ukishaiona hiyo namba niandikie, nitakwambia tairi ya kununua.